MIFUPA YA MAMA WAKATI MWEZI UNAPOKARIBIA KUKOMA

Mazungumzo na wamama wa kliniki

Leo hatutazungumza juu ya uzito wa mtoto. Tutazungumza juu ya mwili wa mama mwenyewe, maana yeye anapima kila mtu nyumbani, lakini nani anamupima yeye?

Wengi kati yenu mumepita miaka 40. Munaona mwezi unaruka: unakuja, unapotea miezi miwili, unarudi na nguvu. Usiku joto linapanda mpaka usoni. Musiogope. Hiyo si ugonjwa, wala hakuna mtu aliyekuroga. Ni njia ya kila mwanamke, na kwa wengi mwezi unakoma kati ya miaka 45 na 55. Ukikosa kuonekana mwaka mzima, njo tunasema umekoma.

Lakini kuna jambo moja linalotokea ndani, pasipo kuonekana: mifupa inapunguka nguvu. Wamama wengine wakisikia hivyo ku soko, wanakimbia farmasi kununua kalsiumu. Wengine wanaomba sindano. Pesa ya chakula cha juma inaisha bule. Basi tujue leo: kidonge cha kalsiumu kinasaidia nani, na ni kitu gani kinachokipita kidonge.

1. MFUPA UNAJENGWA GINSI GANI?

Watu wanafikiri mfupa ni sawa jiwe. Hapana. Mfupa uko hai. Ndani yake kuko mafundi wa namna mbili. Hawa wanabomoa mfupa wa zamani, wale wanaweka mpya, kila siku. Kitu wanachojengea ni kalsiumu. Tukigawa kalsiumu yote ya mwili kwa sehemu 100, sehemu 99 ziko ndani ya mifupa na meno. Sehemu moja tu iko ndani ya damu na nyama. Hiyo inasaidia moyo kupiga na mikono kukaza. Kama chakula hakileti kalsiumu ya kutosha, mwili hauwezi kuacha moyo usimame. Unakwenda kukopa ndani ya mfupa.

Wakati wa ujana, wajengaji wanapita wabomoaji. Karibu na miaka 30 mfupa unafika mwisho wa nguvu yake. Nyuma ya hapo unalindwa tu. Ndani ya mwili wa mwanamke kuna homoni inayokaa sawa kapita wa mafundi hawa: inazuia wabomoaji wasipite kipimo. Mwezi ukikoma, homoni hiyo inapunguka sana. Kapita ameondoka. Kwa miaka 5 mpaka 7 ya kwanza mifupa inapunguka haraka, kisha inaendelea polepole.

Muangalie nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Inje ni nzima. Siku moja mtoto anaiegemea, inavunjika. Ni vile vile kwa mama. Anateleza ku chemchem, anajishika na mkono, kifundo cha mkono kinavunjika. Mwingine ananyanyua gunia, na mfupa wa mgongo unabonyea pasipo yeye kuanguka. Kidogo kidogo anafupika, mgongo unapinda. Mbaya kupita zote ni mfupa wa nyonga. Ukivunjika, fasi ambayo hakuna munganga wa kupasua, mama anabaki kitandani. Vidonda vinaingia, mapafu yanaharibika, na wengine wanakufa. Juu ya hiyo tunazungumza mapema.

2. CHAKULA NDICHO CHA KWANZA

Mwanamke mzima anahitaji karibu miligramu 1000 za kalsiumu kila siku. Mwezi ukiisha kukoma, karibu 1200. Robo lita ya maziwa ina karibu 300. Maziwa ya kuganda (mashanza) ni vile vile, na fromaji ya Masisi ni nzuri pia.

Munasema: «Maziwa ni bei.» Ni kweli. Basi mutazame samaki wadogo: sambaza, ndagala, fretini. Wakiliwa wazima, na kichwa na mifupa, wana kalsiumu mingi sana. Kiganja kimoja cha wale waliokauka kinaweza kupita kikombe cha maziwa. Zamani sambaza hawakuwa ndani ya ziwa Kivu. Waliletwa toka ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960. Leo wanapatikana ku masoko mengi. Kama meno yako ni mabaya, uwatwange na kutia unga wao ndani ya sombe, maharagi ao uji.

Hapa tuseme wazi. Nyumbani kwa wengi, mama anagawa samaki kwa baba, kisha kwa watoto, na yeye anabaki na mchuzi. Mama, kalsiumu ya samaki iko ndani ya mifupa yake, mchuzi hauna. Ujiwekee samaki wako mbele ya kugawa. Hiyo si uchoyo. Mama akivunjika, nyumba yote inalala njaa.

Sombe, soya na maharagi vinasaidia. Lengalenga ni chakula kizuri kwa mambo mengine, lakini ina kitu kinachofunga kalsiumu yake, basi usiitegemee peke yake.

Tena kalsiumu inahitaji mwenzake, vitamini D, ili ipite toka tumbo mpaka damu. Ngozi inaitengeneza kwa jua. Mama wa shamba anaipata bila kulipa. Lakini mzee ao mgonjwa anayefungiwa nyumbani mchana kutwa, mumutoe inje kila siku, mikono na miguu ipate jua.

3. VIDONGE: KWA NANI, NA GINSI GANI?

Kidonge ni msaada wa chakula, hakichukui fasi ya chakula. Nchini Marekani walifuata wanawake zaidi ya 36.000 ambao mwezi wao ulikuwa umekoma. Nusu walipewa kalsiumu na vitamini D, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Waliopewa kalsiumu, mfupa wao wa nyonga ulikuwa na nguvu kidogo zaidi. Lakini kuvunjika kwa nyonga hakukupunguka vya kutosha kusema ni kazi ya dawa, na mawe ya mafigo yalikuwa mengi zaidi kwao. Kwa hiyo, mama anayekula vizuri hana haja ya kutupa pesa yake farmasi.

Kidonge kinafaa kwa mama anayekosa maziwa na samaki siku zote, kwa aliyevunjika mfupa pasipo nguvu nyingi, kwa aliyekoma mapema mbele ya miaka 45 ao aliyetolewa mayai yote mawili ku upasuaji, na kwa anayemeza dawa inayokula mifupa. Mbele ya kuanza, uulize munganga. Akikuandikia, ushike haya:

– Utazame kalsiumu yenyewe ni ngapi. Kidonge cha kalsiumu karbonati cha miligramu 1250 kina kalsiumu 500 tu.
– Usipite 500 ao 600 kwa mara moja. Mwili hauwezi kupokea vingi pamoja.
– Kalsiumu karbonati imezwe wakati wa chakula.
– Usimeze pamoja na vidonge vya damu (feri), doksisiklini wala siprofloksasini. Kalsiumu inavizuia. Uache masaa, kama munganga atakavyokuonyesha.
– Kama unakunywa dawa za sida zenye dolutegraviri, usifiche. Pamoja na chakula vinaweza kumezwa saa moja. Pasipo chakula, dawa ya sida imezwe masaa 2 mbele ya kalsiumu ao masaa 6 nyuma yake.
– Kama choo kinakuwa kigumu, kunywa maji, kula matunda na majani. Kama umekwisha kupata mawe ya mafigo, useme mbele ya kumeza.
– Vile vinavyochemka ndani ya maji vina chumvi mingi. Mwenye tansio avikimbie.

4. MAMBO YA KUKATAA

Sindano ya kalsiumu ku mtaa. Hiyo ni dawa ya hospitali kwa hatari fulani. Ikisukumwa mbio ndani ya mshipa, moyo unaweza kusimama. Haijengi mifupa ya mama aliyechoka.

Vidonge vya kunenepa. Vingi vinavyouzwa kwa kuhesabu moja moja ni deksametazoni. Mashavu yanajaa, watu wanakusifu, na kumbe mfupa unapunguka kwa ndani. Lakini aliyezoea kuvimeza asiache kwa siku moja. Aje tumusaidie kupunguza.

Udongo mweupe (pemba). Wengine wanasema una kalsiumu juu ni mweupe. Si kweli. Unaweza kuzuia feri ya chakula na kufunga tumbo.

Tumbako na kanyanga. Vyote viwili vinaharibu mifupa, na mlevi anaanguka.

5. KAZI NA MIZIGO

Mfupa unapenda kazi. Kutembea, kupanda mlima, kulima, kucheza ngoma, vyote vinamwambia fundi ajenge. Lakini mzigo uliopita kipimo, unaovutwa na kamba ya kichwa, unabonyeza mgongo. Mama wa miaka 50 agawe mzigo mara mbili, ao vijana wabebe. Ukinyanyua kitu, upige magoti, usiinamishe mgongo. Tena nyumbani: mawe yaondolewe njiani, taa iwe karibu ukitoka usiku, na sandali zilizokatika zitupwe.

6. UJE UPESI

Si kila maumivu ya mgongo ni ya uzee. Uje hospitali kama mgongo unauma usiku na mchana, pamoja na homa, kukonda ao kukohoa, maana kifua kikuu kinaingia hata ndani ya mgongo. Uje kama miguu inalegea. Uje kama mgongo umeuma gafula nyuma ya kunyanyua kitu. Tena, na hii musisahau: kama mwezi umekoma mwaka mzima na damu inarudi, hata kidogo, uje upesi. Mwezi uliokoma haurudi; damu hiyo inaweza kuwa alama ya kansa, na ikijulikana mapema inatunzwa.

MAULIZO YA WAMAMA

«Nimezaa mara nane. Watoto walinikula mifupa?» Wakati wa kunyonyesha mifupa inapunguka kidogo, lakini mtoto akiachishwa inarudia nguvu yake. Mwili unalipa deni lake. Lakini ulipe na chakula.

«Binti yangu alipewa kalsiumu ku kliniki ya mimba. Nichukue nusu?» Hapana, mama. Yeye anapewa juu ya kumukinga na tansio ya mimba ambayo inaweza kumuua yeye na mtoto. Umuachie vidonge vyake vyote.

«Nimekwisha kufika miaka 60. Nimechelewa?» Hujachelewa. Mfupa uko hai mpaka siku ya kufa. Samaki wadogo, jua, kutembea na kutoanguka vinakusaidia hata leo.

MUKUMBUKE

Samaki wadogo wazima, ao maziwa, kila siku. Jua na kutembea. Mzigo wa kiasi. Kidonge kwa anayekihitaji, kwa kipimo cha munganga. Hakuna sindano ya mtaa, hakuna kidonge cha kunenepa. Na muwafundishe binti zenu sasa, maana mfupa wa miaka 60 unajengwa na msichana wa miaka 15.

Sasa mwenye swali lingine asimame, asione haya.