Kodiani ya Mgeni, Wimbo wa Wenyeji

Wapo wanaoshikilia kwamba muziki wa asili huonyesha uzalendo pale tu usipoguswa na mkono wa mgeni. Wabaski, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, wanaipinga hoja hiyo kwa vitendo. Trikitixa, kodiani ndogo inayochangamsha sherehe zao pamoja na tari, ilitoka Italia katika karne ya 19, na mapadri waliilaani kuwa mvukuto wa jehanamu kwa sababu iliwakutanisha vijana dansini. Gernikako Arbola, wimbo wao mashuhuri wa uzalendo, unausifu mwaloni ambao chini yake watawala wa jimbo la Bizkaia waliapa kuheshimu haki za kale za wenyeji. Lakini wimbo huo ulianza kuvuma Madrid mwaka 1853, na mtunzi wake, José María Iparraguirre, alikuwa mzururaji na gitaa lake aliyefika hadi Amerika ya Kusini kuchunga kondoo. Haki zenyewe zilifutwa mwaka 1876, wimbo ukaendelea kuimbwa.

Kinachoufanya muziki huo uwe wao, kwa maoni yangu, ni lugha. Chini ya Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, Kibaski kilifukuzwa shuleni na ofisini. Kwa hiyo kundi la wanamuziki la Ez Dok Amairu lilipopanda jukwaani miaka ya 1960, kuimba kwa lugha hiyo, hata wimbo wa mapenzi, kulikuwa msimamo tosha. Mmoja wao, Mikel Laboa, daktari kwa taaluma, alichanganya nyimbo za wazee na mashairi mapya. Ndugu wawili wa familia ya Artze walijifunza kwa wakulima txalaparta, mbao zinazogongwa na watu wawili wakipokezana, wakati wajuzi wake walikuwa wamebaki wa kuhesabika.

Atakayepinga atasema uzalendo huo ulimwaga damu, kwani ETA, kundi la wapiganaji lililodai uhuru wa Wabaski, liliua zaidi ya watu 800 kabla ya kujivunja mwaka 2018. Atasema pia kwamba Wabaski wengi hawakijui Kibaski, na kwamba watu wa eneo la Navarra huimba nyimbo za jota kwa Kihispania na bado wanaipenda ardhi yao vilevile. Hili la pili nalikubali nusu: lugha si cheti cha uzalendo, ila mtoto wa mhamiaji anaweza kujifunza lugha, lakini hawezi kujifunza ukoo. La kwanza ni zito zaidi, maana nyimbo nazo zimewahi kuchochea. Lakini uzalendo huo una sura nyingine: mtazame bertsolari, malenga wao anayetunga papo hapo. Wanaojua kujibizana kwa mashairi huku kwetu watamwelewa upesi. Mashindanoni haimbi alitakalo. Hutajiwa mada, mara nyingi pamoja na nafsi ya kuivaa, hata ya mtu asiyekubaliana naye kabisa, kisha mwenzake humjibu. Mwaka 2009 zaidi ya watu 10,000 walijaa ukumbini Barakaldo kwa fainali ya sanaa hiyo, na Maialen Lujanbio akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa. Waliolipa kiingilio walitaka kuwasikia watu wakifikiri kwa Kibaski na kupingana kwa vina.