Tope Lisipotee, na Maji Yasizibwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi na vibarua wa kuchimba visima, Mukuru kwa Reuben)



Tumekutana mahali ambapo mama hupanga foleni na mtungi wa lita 20 kabla hajawasha jiko, kwa hiyo hatuna haja ya kuelezana faida ya kisima. Kati ya mwaka 2020 na 2022 Nairobi Metropolitan Services ilichimba visima virefu katika mitaa ya Mukuru na kwingineko mjini, na kazi ya namna hii ingalipo. Leo twataka kusema habari ya kitu ambacho wengi wetu hukimwaga ndani ya pipa kwa amri tu, bila kuambiwa ni nini: ule unga uitwao polima.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Juu tuna udongo mweusi, chini yake jiwe gumu la volkano, na chini zaidi matabaka ya majivu ya volkano na mchanga wa maziwa ya kale, ambayo wapimaji huyaita matabaka ya Athi. Huko ndiko tunakofuata maji. Jiwe gumu twalipiga kwa nyundo na upepo wa kompresa, na kazi huenda. Taabu huanza penye tabaka laini linalobomoka. Hapo hutumika tope: hushuka ndani ya vyuma, hutokea kwenye kekee, hupanda likibeba vipande vya mawe, na huku lazishikilia kuta zisianguke. Lakini ardhi ina kiu. Maji ya tope hupenya ukutani, tope hupungua, vipande hubaki chini, na vyuma hunaswa. Hapo mnyapara hupiga kelele, na lori la maji hulipiwa mara ya pili.

Bentonaiti, ule udongo wa unga, hufanya utando ukutani. Vijisahani vyake hulala kimoja juu ya kingine kama vigae vya paa. Ikiwa peke yake, utando huo huwa mnene na bado wavuja. Polima ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, zenye tabia ya kuyashika maji. Aliyepika mrenda amekwisha kuona kazi yake, maana ule utelezi unaovutika ni nyuzi za jamii hiyo. Zikiingia kati ya vijisahani huziba mianya, na utando huwa mwembamba lakini hauvuji ovyo. Selulosi ya kiwandani hufanya hivyo, na gundi ya mbegu za guari, zao la India na Pakistani, vilevile. Ila tusidanganyane: penye ufa mpana wa jiwe, tope lote linapotoweka mara moja, polima peke yake haitoshi. Hapo yataka vitu vya kuziba, au bomba la chuma na saruji.

Tena kukoroga kuna ufundi wake. Maji yenye klorini nyingi hukata zile nyuzi. Maji yenye chokaa yatiwe kwanza soda ya magadi, hii hii itokayo Ziwa Magadi. Kisha unga unyunyizwe polepole kama wa uji. Ukiumwaga wote kwa pamoja utapata mabonge, na fedha ya tajiri imekwenda bure. Pimeni kwa faneli: maji matupu hutoka robo ya galoni kwa sekunde 26, tope likichukua muda zaidi, ndio uzito wake.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Kinachozuia tope lisitoke ndicho kitakachozuia maji yasiingie. Wenzetu wachimbao mvuke kule Olkaria hutumia tope sehemu za juu tu. Wakifika penye nyufa za mvuke huliacha, wakachimba kwa maji na povu, wasije wakaziba kile walichokifuata. Sisi nasi, tukimaliza, yatupasa kuuvunja utando. Gundi ya guari huoza yenyewe kwa siku chache. Nyingine nyingi hukatwa kwa klorini, ikaachwa ifanye kazi, kisha kisima hupulizwa kwa kompresa hadi maji yatoke meupe. Kikipimwa kabla ya hapo huonekana maskini. Pampu ndogo hufungwa, fundi hulaumiwa, na yule mama hurudi kwenye foleni ya mtungi.

Kwa nini kazi hii hurukwa? Kwa sababu wengi wetu hulipwa kwa mita, na siku ya kusafisha haina mita. Basi twadai siku hiyo iandikwe katika mkataba na ilipwe kama siku ya kuchimba, na klorini inunuliwe pamoja na unga, si kutafutwa baadaye.

Mawili mengine kwa kifupi. Unga huo usivutwe puani, na ukimwagika ufagiliwe ungali mkavu, maana ukilowa ni utelezi wa kuvunja mguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na tope lililochakaa lisimwagwe Mto Ngong. Mto huo umebeba uchafu wa viwanda wa kutosha.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakoroga pipa moja hapa hapa, kwa unga wa guari na faneli. Kila mmoja aje na ndoo yake.