Matende: Mguu Wangu Mzima, Mbona Nimeze Dawa?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Pwani)

Leo tulisema tuzungumze juu ya matende na mabusha. Hapa kwetu Pwani, kuanzia Kwale na Kilifi hadi Tana River na Lamu, hakuna asiyeyajua maradhi haya kwa macho. Lakini yanatoka wapi? Wengine husema mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Wengine wanalaumu madafu, eti mwanamume akiyanywa sana huota busha. Sivyo, jamani. Madafu yameonewa bure.

Ni minyoo. Ni myembamba kama uzi, na inakaa katika mishipa ile inayopitisha maji ya mwili, miaka 6 hata 8. Jike huzaa watoto maelfu kwa maelfu, wadogo wasioonekana kwa macho. Mchana hujificha ndani kabisa mwilini, usiku hutoka kwenye damu iliyo karibu na ngozi, saa zile zile mbu anapouma. Ndiyo maana zamani wapimaji walikuja usiku kutoboa watu vidole. Hawakuwa mumiani wale! Mbu akinyonya damu hiyo, watoto wa minyoo hukua ndani yake kama wiki 2, halafu humwingia mtu mwingine atakayeumwa.

Sasa lile swali tunaloulizwa kila tunapokwenda: “Mimi mguu wangu mzima, mbona nimeze vidonge?” Tafadhali shikeni hapa. Wengi walio na minyoo damuni hawana uvimbe wowote, wala hawajisikii wagonjwa. Na yule mwenye mguu mkubwa, mara nyingi damu yake haina tena watoto wa minyoo. Kwa hiyo anayewapa mbu minyoo ni kijana mzima anayecheza mpira jioni, si mzee wetu aliyejifungia ndani kwa aibu. Tunamkimbia mzee, tunalala chumba kimoja na kijana.

Hapa Kenya dawa za kugawiwa watu wote zilianza Kilifi mwaka 2002, vidonge vya DEC pamoja na albendazoli. Mwaka 2018, Lamu na Jomvu waliongezewa ya tatu, ivamektini. Dawa huua watoto wa minyoo, lakini minyoo mikubwa mingine hubaki na kuzaa tena, ndiyo sababu humezwa kila mwaka, miaka 5 au zaidi, na katika kila watu 100 wameze angalau 65. Kwetu kuna miaka iliyorukwa, na hiyo ni hasara. Togo walishikilia mpaka mwaka 2017 wakathibitishwa kwamba wameyamaliza matende, na Malawi mwaka 2020.

Siku ya dawa ikitangazwa kijijini, kikundi kipite nyumba kwa nyumba kabla ya wagawaji. Mja mzito asimeze, wala mtoto chini ya miaka 2, wala mtu aliye hoi kitandani. Wengine watapata homa kidogo, kichwa au kizunguzungu. Waambieni mapema kwamba hiyo huletwa na minyoo inayokufa, maana mtu mmoja akitapika bila kuelezwa, kijiji kizima kitafunga milango.

Na yule ambaye mguu umekwisha kuvimba? Hapa kazi ni maji na sabuni, wala si mzaha. Kinachouzidisha mguu ni vijidudu vinavyoingia kwenye michubuko na katikati ya vidole, ndipo mtu hupandwa na homa, mguu ukawaka moto, mtoki ukatoka. Kila homa huacha mguu mkubwa kuliko jana. Basi uoshwe kila siku kwa maji safi yasiyo moto na sabuni ya kawaida, polepole, mpaka kwenye mikunjo, kisha ukaushwe kwa kitambaa safi, vidole kimoja kimoja. Akikaa auinue juu ya kigoda. Achezeshe kifundo. Avae viatu vipana. Homa ikija apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi, aende zahanati. Asichanjwe kwa wembe! Beseni, sabuni na taulo, hela za mzunguko wa wiki moja zinatosha.

Mbu nao. Neti tunazo, ila wengine wamefugia kuku. Mbu wengine wa matende huzaliana ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vyooni chembe nyepesi za plastiki nyeupe, za aina ile ya kufungia redio mpya. Zikaelea juu ya maji kama blanketi, viluwiluwi wakakosa pumzi. Watu walimezeshwa dawa pia, na hata baada ya dawa kusimama, wenye minyoo waliendelea kupungua. Afisa wa afya aulizwe kama choo chenu kinafaa.

Busha haliondoki kwa sabuni wala vidonge. Linahitaji upasuaji, nao si mkubwa. Wengi hurudi nyumbani upesi na baadaye kushika jembe. Wanaume hawatalisema wenyewe kikundini. Akina mama, nyinyi mnaojua, semeni na muuguzi kwa siri, naye atawaambia aende hospitali gani na siku gani.