Kipimo cha Mafunzo ni Mgonjwa



Jubilei ya miaka mia moja ni wakati wa kuhesabu majengo, na pia wa kuuliza watu waliosomeshwa walikwenda wapi. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, imekuwa mahali pa kutibu na pa kufundishia. Lakini mwanafunzi akiisha kukabidhiwa cheti, ni nani anayepima kama mafunzo yale yamemfaa mgonjwa?

Katika nchi jirani ya Msumbiji swali hilo lilipimwa kwa utafiti. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 madaktari walikuwa haba mno, na mama aliyekwama katika uchungu wa kuzaa huko wilayani aliweza kufa kwa kukosa mtu wa kumpasua. Mwaka 1984 nchi hiyo ilianza kuwafundisha upasuaji, kwa miaka mitatu, watumishi wa afya wasio na shahada ya udaktari. Shaka ilikuwa ya haki: je, kisu kikabidhiwe asiye daktari?

Shaka hiyo ilijibiwa kwa hesabu. Mwaka 1996 ulichapishwa ulinganisho wa akina mama waliojifungua kwa upasuaji: 958 mikononi mwa wapasuaji wasaidizi hao, na 1,113 mikononi mwa madaktari bingwa. Matokeo yalikaribiana sana. Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, uliuliza ni nani aliyebaki kazini wilayani. Miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya wapasuaji wasaidizi walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangiwa huko, hakuna hata mmoja aliyebaki.

Tanzania nayo ilikuwa na Madaktari Wasaidizi, matabibu wazoefu walioongezewa mafunzo. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza huduma ya dharura ya uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma hawakuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na ile ya madaktari wenye shahada.

Tafiti hizo hazikudharau shahada, kwa maana wasaidizi hao wasingefundishika pasipo madaktari. Zilichoonyesha ni kwamba kuchagua nani afundishwe, na kwa ajili ya kituo gani, ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Kwa hiyo usharika unaomsomesha kijana uuguzi, ukunga au utabibu usiishie kulipa ada na kushangilia mahafali. Baada ya miaka saba uulize yuko wapi, ana vifaa gani na nyumba gani ya kuishi, na wale waliofika mlangoni pake usiku walirudi nyumbani wakiwa hai.