Mkono Huku, Macho Kule

 

Wapiga pweza wa Mafia mnajua ujanja wa maji. Ukivaa miwani ya kuzamia, pweza anaonekana karibu kuliko alipo, na mkonjo wa mgeni huishia njiani. Leo tunamtazama daktari mwenye shida kama hiyo: yule wa upasuaji wa matundu madogo, unaofanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili.

Daktari huyu hakati mkato mrefu. Anatoboa matundu machache, anajaza hewa ya kabonidayoksaidi ili tumbo liinuke, anapitisha kamera nyembamba, kisha anafuata kazi yake kwenye skrini.

Tabu ya kwanza ni kina. Picha ya skrini ya kawaida ni bapa, haisemi mkasi umebakiza kiasi gani kufika kwenye ini. Daktari hukisia kwa vivuli na kwa kugusa taratibu.

Ya pili mpiga kasia anaijua. Kasia limeshikwa na kishwara: ukisukuma mpini mbele, ncha inarudi nyuma. Vifaa vya daktari navyo vimeshikwa na ukuta wa tumbo, kwa hiyo mkono ukienda kushoto, ncha inakwenda kulia.

Ya tatu ni ukungu. Mzamiaji hutemea mate miwani yake. Daktari huipasha lenzi moto, kwani tumboni kuna joto na unyevu.

Lakini ukungu una nafuu, maana unauona. Mwaka 2003 daktari Lawrence Way na wenzake nchini Marekani walichambua visa 252 vya mrija wa nyongo kujeruhiwa wakati wa kutoa kifuko cha nyongo. Katika asilimia 97, chanzo kikuu kilikuwa macho kudanganyika. Daktari aliuona mrija vizuri tu, akaudhania mwingine.

Kwa hiyo daktari akiingiwa na shaka husimama, hugeuza kamera, na ikibidi hufungua tumbo. Ndugu yako akirudi kutoka Dar es Salaam na mshono mrefu badala ya matundu aliyoahidiwa, msiseme daktari alishindwa. Huenda alikataa kukata asichokitambua.