Waliolala Vilindini



Wengi wetu tukipunga upepo jioni kule Mama Ngina hutazama meli zikitoka Kilindini na kupotea baharini. Leo tuikumbuke moja. Mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa vita na Wajapani, meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka hapa kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki; tena walikuwamo wauguzi wanawake zaidi ya 50.

Jumamosi tarehe 12, upande wa Visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili. Ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Wimbo mmoja wa ibada hauishi kwa muda huo. Waliosalia wakawa wanaelea juu ya maji, na nyambizi imejificha chini yao. Manowari za Waingereza ziwaokoe kwanza, au ziiwinde nyambizi isije ikazipiga meli nyingine za msafara? Zikatupa mabomu ya chini ya maji, na watu wangali wakiogelea palepale. Mimi sithubutu kumhukumu aliyetoa amri ile, wala kuiita nyepesi. Nyambizi ilizamishwa siku ileile. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Wako watakaosema, ushujaa uko wapi hapo? Vijana wale hawakufika vitani. Ni kweli, wenzao wa Divisheni ya 11 ndio waliopigana baadaye mwaka ule katika bonde la Kabaw kule Burma, wakapata sifa. Lakini Ibrahimu naye hakumchinja Isaka; kisu hakikushuka, na sadaka ikahesabiwa. Kijana aliyetoka bara akapanda ngazi ya meli pale Kilindini alikuwa amekwisha kujitoa.

Kumbukumbu yao iko Nairobi, katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Hapa walipoagana na nchi kavu, sisi twapita tu. Nawasihi wazee wa kanisa, Jumapili ya Kumbukumbu ya Novemba, meli hii itajwe kwa jina lake.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye bahari na nchi kavu, twakushukuru kwa hao waliolala vilindini bila kaburi. Uwafariji jamaa zao, waliongojea barua zisizofika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.