Neno letu kwa wakaaji wa kartie juu ya mashambulizi ya usiku



Mara ya mwisho tulikutana hapa nyuma ya maziko. Tuliandika barua, mpaka leo haijajibiwa. Leo hatukuye kulia. Tunaleta swali: mu kartie yetu watu wanashambuliwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani? Kila mtu ana jibu lake. Mwenye kaye hakuna.

Kuna mji ambapo waliandika. Ni Cardiff, mu Wales. Daktari mpasuaji, Jonathan Shepherd, alikuwa anatengeneza nyuso za watu waliopigwa. Akagundua kwamba wengi wao polisi haiwajue: walifika hospitali, hawakufika polisi. Basi mapokezi ya hospitali ikaanza kuuliza: ulipigiwa wapi, lini, na kitu gani? Majibu, bila majina, yakapelekwa kwa polisi na wakubwa wa mji, na polisi ikapeleka doria kwenye barabara zile zile. Utafiti uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba waliolazwa juu ya kupigwa walishuka kutoka 7 mpaka 5 kwa mwezi kwa kila wakaaji 100.000. Mu miji iliyofanana nayo walipanda kutoka 5 mpaka 8.

Mtatuambia: kule si huku. Kweli. Huku mwenye bunduki usiku pengine amevaa nguo za kiaskari, na anayeshtaki anagongewa mlango kesho yake. Ni juu ya ile tunashikilia: bila majina. Kaye yenye majina inaweza kuua mtu. Yenye avenyu, saa na silaha haimtaji yeyote.

Sisi tuna diploma, kazi hatuna. Takwimu tulizichukia chuoni, tukubali, lakini kuhesabu tunajua. Vijana wawili kwa kila avenyu wataandika. Wauguzi wa vituo vya afya, tunawaomba yale maswali matatu tu. Kila mwezi tutapeleka karatasi kwa mkuu wa komini, nakala tutaibandika sokoni, na tarehe tuliyoileta. Tutamuuliza jambo moja: avenyu iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote, doria ilipita huko usiku gani?

Tunagawa avenyu Jumamosi, saa nane mchana, hapa hapa. Mwenye kaye na biki alete.